Fahamu namna ya kuipatia umeme roboti yenye mota nyingi bila kusababisha moto

Na Mwandishi Wetu, Kigoma

KALINZI, iliyoko katika nyanda za juu kaskazini mwa mji wa Kigoma, inafahamika zaidi kwa kahawa na migomba kuliko kwa mitambo ya kisasa. Hata hivyo, vifaa vya kuundia roboti ndogo sasa vinaweza kumfikia kijana wa huko kama vinavyomfikia mwenzake wa Dar es Salaam. Bodi za udhibiti aina ya Arduino, nyaya na mota ndogo zinazoitwa sevo huagizwa kwa simu na kusafirishwa kwa basi kama mzigo mwingine wowote.

Vifaa hivyo kwa kawaida huja na maelezo ya kuandika programu, lakini maelezo juu ya umeme huwa machache. Matokeo yake, roboti iliyosimama vizuri mezani ikiwa na sevo mbili huanza kutetemeka, kuzima na kuwaka yenyewe mara inapofungwa sevo kumi na nane.

Hatua inayofuata ndiyo yenye hatari. Mwenye roboti huona kwamba betri yake ni dhaifu, akaiondoa na kuweka betri ya pikipiki au ya sola, akaiunganisha kwa nyaya zile zile nyembamba, bila fyuzi. Hapo tatizo la roboti hugeuka kuwa tatizo la nyumba. Gari la zimamoto likiitwa kwa namba 114 litoke Kigoma mjini, lazima kwanza lipande milima.

Kanuni ya kuepuka balaa hilo ni moja: umeme wa mota usipite kwenye bodi ya udhibiti. Uwe na njia yake yenyewe kutoka kwenye betri, njia nene, iliyogawanywa na yenye fyuzi.

Sevo hutumia umeme kiasi gani?

Sevo ni mota ndogo iliyofungwa ndani ya kisanduku pamoja na magurudumu ya meno ya kuiongezea nguvu na kifaa cha kupima pembe iliyofikia. Hutoka na nyaya tatu: chanya, hasi na waya wa ishara. Kila baada ya milisekunde 20, bodi hutuma ishara fupi kupitia waya wa tatu. Ishara ya milisekunde moja na nusu huiambia sevo ikae katikati. Fupi zaidi huipeleka upande mmoja na ndefu zaidi upande wa pili.

Waya huo wa ishara haubebi karibu umeme wowote, kwa kuwa kazi yake ni kupeleka amri. Umeme wa kufanyia kazi hupita katika zile nyaya mbili nyingine, na kiasi chake hubadilika sana kulingana na mzigo.

Chukua mfano wa sevo ya MG996R, mojawapo ya zinazotumiwa sana na wanaojifunza. Kwa umeme wa volti 6, mtengenezaji anaeleza kwamba hutumia kati ya ampea 0.5 na 0.9 inapozunguka. Ikizuiwa isizunguke, yaani mguu wa roboti ukikwama kwenye jiwe, hufika ampea 2.5.

Sababu ya tofauti hiyo ni kwamba mota inayozunguka hufanya kazi pia kama dainamo ya baiskeli. Huzalisha umeme wake unaosukuma kinyume cha ule unaoingia, hivyo kuupunguza. Mota iliyokwama haizalishi chochote, kwa hiyo umeme wa betri huingia bila kizuizi isipokuwa ukinzani mdogo wa nyaya zake. Hali hiyo hiyo hutokea kwa muda mfupi kila mota inapoanza kuzunguka.

Roboti ya miguu sita, kila mguu ukiwa na sevo tatu, ina sevo 18. Zote zikikwama kwa pamoja zitadai ampea 45. Kwa volti 6 hizo ni wati 270, sawa na taa 30 za wati tisa zinazowashwa majumbani.

Mtu anaweza kudai kwamba haitokei zote zikakwama mara moja. Hutokea. Roboti inapowashwa, kila sevo hukimbilia mahali pake kwa wakati mmoja. Inapoanguka na kujikunja pia, sevo nyingi husukumana bila kusogea. Asiye na kifaa cha kupima ampea apange hesabu yake kwa jumla ya sevo zote zikiwa zimekwama. Mwenye kipimo anaweza kupunguza baada ya kuona matumizi halisi.

Kwa nini bodi haifai kuwa njia

Bodi ya Arduino Uno inapopata umeme kutoka kwenye soketi ya USB ya kompyuta ina kinga inayozuia matumizi yasizidi ampea 0.5. Sevo moja tu ya MG996R ikikwama inahitaji mara tano ya hapo. Pini za ishara za bodi hiyo zimekusudiwa kutoa takriban ampea 0.02 kila moja, kiasi cha kuwasha taa ndogo ya kuonyeshea.

Kuiunganisha bodi na betri ya volti 12 hakuondoi tatizo. Kifaa cha kupunguza volti kilichomo ndani yake hufanya kazi kwa kugeuza ziada kuwa joto. Kikishusha volti 12 hadi 5 kwa ampea moja, wati 7 huwa joto tupu ndani ya kipande kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Kipande hicho huchemka kabla hata sevo ya pili haijaanza kazi.

Bodi yenyewe pia huathirika. Sevo zinapovuta umeme mwingi ghafla, volti hushuka, na bodi inayotegemea umeme huo huo huzimika na kuanza upya. Kila ikianza upya huziamuru sevo zirudi mwanzo, nazo huvuta umeme tena, na bodi huzimika tena. Mtetemeko huo ndio ambao wengi hudhani ni kosa la programu.

Wapo wanaotumia bodi ya nyongeza yenye chipu ya PCA9685, inayoweza kutoa ishara kwa sevo 16. Bodi hiyo ina mahali pawili pa kuingizia umeme: pa chipu na pa sevo. Ni msaada mzuri, lakini njia za shaba zilizochapwa juu yake ni nyembamba na hazikukusudiwa kupitisha makumi ya ampea. Roboti yenye sevo kubwa ichukue ishara tu kutoka hapo, na umeme upite pembeni.

Somo kutoka kwenye bomba la mserereko

Mkazi wa milimani anayetumia maji ya mserereko anaijua kanuni hii bila kufundishwa. Tangi likiwa juu ya kilima na bomba likiwa jembamba, bomba moja likifunguliwa maji hutoka kwa nguvu. Yakifunguliwa kumi, wa mwisho hupata matone. Maji tangini hayajapungua. Kilichopungua ni msukumo, uliopotea njiani.

Volti ndiyo msukumo, ampea ndiyo wingi wa maji, na waya ndio bomba. Waya wa shaba wenye unene wa milimita moja ya mraba una ukinzani wa takriban omu 0.0175 kwa kila mita. Wenye nusu ya unene huo una mara mbili yake.

Chukua waya wa nusu milimita ya mraba, mita moja kutoka kwenye betri hadi kwenye roboti. Umeme huenda na kurudi, hivyo urefu halisi ni mita mbili na ukinzani ni omu 0.07. Ampea 20 zikipita humo, volti 1.4 hupotea. Volti 6 zilizotoka kwenye betri hufika 4.6, na wati 28 hugeuka joto ndani ya waya. Kwa waya wa milimita nne za mraba, upotevu ni chini ya volti 0.2.

Nyaya ndogo za rangi zinazouzwa pamoja na vifaa vya kujifunzia, na ubao wa matundu wa kufanyia majaribio, zinafaa kwa umeme wa takriban ampea moja. Zitumike kwa ishara tu. Sevo hata nne zikipewa umeme kupitia ubao huo, plastiki yake inaweza kuyeyuka.

Dawa yake ni kugawa. Sevo 18 zigawanywe makundi matatu ya sita sita. Kila kundi liwe na waya wake wa milimita 2.5 za mraba, unene ule unaotumiwa na mafundi wa nyumba kwa soketi za ukutani, ila uchaguliwe wenye nyuzi nyingi unaopindika kwa urahisi. Nyaya hizo zianzie kwenye kituo kimoja cha ugawaji karibu na betri, wala zisiunganishwe kwa mfuatano kutoka sevo moja kwenda nyingine. Kwa mpangilio huo hata kundi lililokwama kabisa, likivuta ampea 15, halipotezi hata volti 0.1 kwenye waya wa sentimita 40.

Fyuzi hulinda waya

Wengi hudhani fyuzi imewekwa ili kuilinda roboti. Kwa kweli fyuzi hulinda waya usiwe chanzo cha moto. Betri ndogo ya pikipiki haimrushi mtu kama umeme wa ukutani, na kwa sababu hiyo hudharauliwa. Lakini ncha zake mbili zikigusana, inaweza kutoa mamia ya ampea papo hapo. Waya mwembamba huwa mwekundu kwa sekunde chache na plastiki yake hushika moto.

Kwa hiyo fyuzi iwekwe kwenye waya wa chanya, karibu na betri kadiri iwezekanavyo. Ikiwekwa mbali, kipande cha waya kilicho kati yake na betri kinabaki bila ulinzi. Kiwango cha fyuzi kiwe juu ya matumizi ya kawaida, lakini chini ya kiasi ambacho waya unaweza kukibeba bila kupata moto.

Fyuzi bapa za magari, zinazopatikana kwenye maduka ya vipuri, zinafaa kwa kazi hii, na rangi zake zina maana: nyekundu ni ampea 10, bluu 15, njano 20 na kijani 30. Kwa kundi la sevo sita za MG996R, matumizi ya kawaida hayazidi ampea 5.4. Fyuzi ya ampea 10 itavumilia mvuto wa muda mfupi wakati wa kuwasha, lakini itakatika kundi likikwama kwa muda. Kwenye waya mkuu wa milimita sita za mraba, fyuzi ya ampea 30 inatosha.

Fyuzi ikikatika, kwanza itafutwe sababu. Kuziba nafasi yake kwa kipande cha waya au karatasi ya sigara, kama baadhi ya madereva wanavyofanya, ni kuondoa ulinzi wote kwa pamoja.

Tahadhari hii huchukuliwa hata na wenye uwezo mkubwa. Mashindano ya kimataifa ya roboti ya FIRST Global, yaliyoanza mwaka 2017 mjini Washington, Marekani, ambako vijana wa Tanzania nao walishiriki, yametumia vifaa vya kampuni ya REV Robotics. Betri ya volti 12 ya kampuni hiyo ina fyuzi ya ampea 20 kwenye waya wake wenyewe. Aidha, kampuni hiyo hutengeneza kifaa cha pembeni cha kuzipa sevo volti 6 hadi ampea 15, kwa kuwa bodi yake ya udhibiti haitoi zaidi ya ampea 2 kwa kila sevo mbili.

Betri ipi itumike?

Kwa miaka mingi mkoa wa Kigoma ulitegemea umeme wa jenereta za dizeli, na wananchi wengi waliokuwa mbali na jenereta hizo walijitegemea kwa sola. Betri ya volti 12 kwa hiyo si kitu kigeni vijijini. Hata hivyo, kuiunganisha moja kwa moja na sevo ya volti 6 ni kuiunguza sevo.

Njia iliyo salama zaidi kwa anayeanza ni kuweka kibadilishi cha kushusha volti 12 hadi 6, cha aina inayokata umeme haraka haraka, si kile cha kugeuza ziada kuwa joto. Kifaa kizuri cha aina hiyo hupoteza takriban asilimia 10 tu. Ampea 10 zinazoingia kwa volti 12 hutoka zikiwa kama ampea 18 kwa volti 6.

Mnunuzi awe mwangalifu. Vibadilishi vidogo vya bei nafuu vyenye chipu ya LM2596 vina kikomo cha ampea 3, hivyo kimoja hakitoshi hata sevo mbili zilizokwama. Ni bora kila kundi la sevo sita liwe na kibadilishi chake chenye uwezo wa ampea 15 au zaidi, na matokeo ya vibadilishi hivyo yasiunganishwe pamoja.

Vibadilishi vifungwe juu ya roboti na betri ibaki sakafuni. Waya mrefu utabeba volti 12, kwa nusu ya ampea, na upotevu utashuka hadi robo. Ni kwa sababu hiyo hiyo TANESCO husafirisha umeme kwenda vijijini kwa volti 33,000 na kuushusha karibu na nyumba. Betri ya pikipiki ya ampea-saa 7 ina uzito wa zaidi ya kilo mbili, mzigo mkubwa kwa roboti ya mezani, na itaiendesha kwa takriban nusu saa bila kuharibiwa kwa kumalizwa kabisa.

Betri za lithiamu ni nyepesi, lakini zinadai nidhamu. Pakiti ya seli mbili za aina ya polima hufika volti 8.4 ikijaa, kiwango kinachozidi uwezo wa sevo nyingi. Seli mbili za lithiamu za aina ya fosfeti ya chuma hukaa kwenye volti 6.4, na ni tulivu zaidi zikipata joto. Hata hizo hufika volti 7.2 au zaidi kidogo zikitoka kwenye chaji, hivyo kiwango cha juu cha sevo kisomwe kwanza. Seli zilizotolewa kwenye kompyuta mpakato za zamani zisitumike kwa kazi hii, kwani hazikuundwa kutoa ampea nyingi na historia yake haijulikani.

Lithiamu ichajiwe kwa chaja yake, juu ya sakafu ya saruji, mtu akiwa macho. Isiunganishwe moja kwa moja na paneli ya sola. Iliyovimba isitumike tena. Ikianza kutoa moshi, watu watoke nje, kwa kuwa moshi huo ni sumu. Betri za asidi nazo zichajiwe penye hewa, kwani hutoa gesi ya hidrojeni inayolipuka kwa cheche ndogo.

Hasi moja na swichi moja

Bodi ya udhibiti ipewe umeme wake, ama kutoka kwenye kibadilishi kidogo cha pekee ama betri ndogo. Lakini waya wa hasi wa bodi na ule wa sevo lazima viunganishwe. Ishara hupimwa kwa kulinganishwa na hasi. Bila kiungo hicho sevo haiwezi kuisoma, na hutikisika ovyo. Nyaya za chanya, kinyume chake, zibaki mbalimbali.

Kapasita ya mikrofaradi 1,000 au zaidi, yenye kiwango cha volti 16, ikiwekwa karibu na kila kundi hufanya kazi ya ndoo ya akiba: hutoa umeme wa haraka wakati sevo zinapoanza, kabla betri haijajibu. Chanya na hasi zake zisibadilishwe, la sivyo hupasuka.

Programu nayo isaidie. Badala ya kuziamsha sevo zote kwa mpigo, iziamshe moja baada ya nyingine, kwa tofauti ya sehemu ndogo ya sekunde.

Mwisho kuwe na swichi moja ya kukata umeme wote wa mota, mahali ambapo mkono unafika upesi. Isiwe swichi ya taa ya nyumbani. Umeme wa gridi hufika sifuri mara 100 kwa sekunde, na hapo cheche ya swichi huzimika yenyewe. Umeme wa betri haufiki sifuri, hivyo cheche huendelea na kuunguza swichi. Itumike iliyoandikwa kwamba ni ya umeme wa betri, kama ya gari.

Kupunguza mota ni akili

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika kuna nchi iliyoonyesha kwamba roboti inaweza kufanya kazi ya kweli kwa umeme mdogo. Mwaka 2013 jiji la Kinshasa, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, liliweka barabarani roboti za kuongoza magari zilizoundwa na kundi la mhandisi Thérèse Izay Kirongozi. Roboti hizo za aluminiamu zilitumia umeme wa jua. Hazikuwa na miguu ya kutembea. Zilizungusha kifua, kunyanyua mikono na kuwasha taa.

Kwa kijana wa Kalinzi anayepanga roboti yake ya kwanza, huo ni mfano wa kuuzingatia. Kila sevo isiyo ya lazima ikiondolewa, ampea 2.5 zimeondoka kwenye hesabu, pamoja na waya na joto lake.

Kabla ya kununua sevo yoyote, azidishe idadi yake kwa umeme wa kukwama ulioandikwa kwenye karatasi ya mtengenezaji. Kutokana na jumla hiyo achague waya, kutokana na waya achague fyuzi, na mwisho betri. Baada ya kufunga, awashe kundi moja moja, aziguse nyaya kwa mkono baada ya dakika moja, na azime haraka ikiwa waya wowote una joto. Roboti isiachwe imeunganishwa na betri wakati hakuna mtu chumbani.